Dvořák Angeipenda Kigoma

Mtunzi wa muziki Antonín Dvořák alikuwa na ugonjwa wa treni. Si wa kuzipanda, wa kuzitazama. Alizaliwa mwaka 1841 Nelahozeves, kijiji cha Bohemia, nchi ambayo leo iko ndani ya Jamhuri ya Cheki, na akiwa bado mtoto reli ikajengwa ikapita pale pale kijijini. Hakupona tena. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu na jina kubwa Ulaya nzima, alikuwa bado anakwenda stesheni mjini Prague kuangalia vichwa vya treni, kukariri namba zake na kupiga soga na madereva. Husimuliwa kwamba siku moja, kazi zikiwa zimembana, alimtuma mwanafunzi wake Josef Suk, aliyekuwa akimchumbia binti yake, akamchukulie namba ya kichwa fulani kilichokuwa kinaingia. Suk akarudi na namba ya behewa la makaa linalofungwa nyuma ya kichwa. Mzee akamgeukia binti: huyu ndiye unayetaka akuoe?

Mwaka 1892 akahamia New York, na huko ugonjwa ukakosa dawa, maana stesheni kubwa za kule hazikumruhusu mtu asiye na tiketi kuingia hadi kwenye treni. Ikawa lazima asafiri mpaka mtaa wa 155 ili azione zikipita tu. Ndipo mapenzi yake yakahamia kwenye meli. Meli ilipofunga bandarini aliweza kupanda, akaikagua toka chini hadi juu, akaongea na nahodha.

Sasa mlete mtu huyo Kigoma. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, na haiendi mbele zaidi. Ukishuka stesheni, baada ya kilomita zaidi ya 1,200 kutoka Dar es Salaam, kilichobaki ni ziwa. Na pale ziwani ndipo makazi ya MV Liemba, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa meli na treni, ikaunganishwa upya hapa hapa. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa adui, ikainuliwa toka majini mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Na sasa inajengwa reli mpya ya kisasa kutoka Tabora kuja huku. Dvořák angeomba uhamisho.

Nayasema haya kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nakusanya rekodi za kazi yake moja tu, Simfoni Namba 9 (simfoni ni muziki mrefu wa okestra), ile iitwayo "Kutoka Dunia Mpya", na kila anayegundua huniuliza mtu wa Kigoma na simfoni wapi na wapi. Mkoa huu watu wanaujua kwa dagaa, migebuka, mawese na wasanii wa Bongo Fleva. Sawa. Lakini kazi iliyoandikwa na mpenda treni na meli, aliye mbali na kwao, kuhusu kuwa mbali na kwao? Mimi naona ajabu ni kwamba sisi wa huku hatuisikilizi.

Swali la pili huwa gumu zaidi: mbona unasikiliza kitu kile kile? Karatasi si ni moja? Karatasi ni moja, ndiyo. Noti alizoandika Dvořák hazibadiliki. Lakini mtu yeyote aliyewahi kubishana kuhusu muziki wa dansi analijua jibu tayari. Wimbo ule ule, bendi ile ile, lakini uliorekodiwa studio za redio siyo ule uliopigwa ukumbini usiku wa manane, na akibadilika mpiga solo watu wanaweza kununiana. Kwenye okestra ya simfoni wanamuziki ni themanini, mia, na mbele yao amesimama mmoja asiyepiga chochote, ambaye kazi yake ni kuamua haraka kiasi gani, kwa nguvu kiasi gani, nani asikike na nani ajifiche. Mabadiliko yanatoka hapo.

Mimi nilianza na kaseti isiyo na jina. Niliikuta sokoni Mwanga, kwenye rundo la vitabu vya mtumba na kaseti za mahubiri. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu "Dvorak 9", basi. Nani anaongoza, okestra gani, mwaka gani, hakuna. Ilikuwa imerekodiwa kutoka kwenye santuri, unaisikia sindano ikikwaruza kabla muziki haujaanza, na aliyeirekodi alibonyeza kitufe cha kuzima mapema mno, akaukata mwisho. Nikaipenda kabla sijajua ni kitu gani. Kukusanya kwangu kote kulianza na shida hiyo moja: nilitaka kujua hawa walionipigia ni kina nani.

Kumtafuta mtu kwa sauti ya okestra kunaonekana kama uganga, lakini kuna ngazi zake. Ngazi ya kwanza ni marudio. Katika sehemu ya kwanza ya simfoni (ziko nne) Dvořák ameweka alama kwamba sura zote za mwanzo zipigwe mara mbili, ndipo muziki usonge mbele. Viongozi wengi wa zamani waliiruka alama hiyo. Kaseti yangu haikurudia, na hilo peke yake likaondoa kundi zima la rekodi kwenye orodha ya washukiwa.

Ngazi ya pili ilipaswa kuwa muda. Unapima dakika za kila sehemu, unalinganisha na zilizoandikwa kwenye majalada ya sidi. Tatizo ni redio kaseti. Mkanda wake ukichoka, au betri zikiisha, inavuta. Nyingine zinakimbia tangu zitoke dukani. Nikaenda kanisani siku kwaya haina mazoezi, nikaweka redio juu ya kinanda, nikabonyeza E. Simfoni hii iko kwenye E ndogo na inamalizikia E kubwa, kwa hiyo mwishoni kinanda na kaseti vilipaswa kukubaliana. Havikukubaliana. Redio yangu ilikuwa inaimba katikati ya E na F. Kutoka E hadi F ni kasi kuongezeka kwa kama asilimia 6. Nusu yake ni asilimia 3, yaani simfoni ya dakika 40 inapungukiwa na zaidi ya dakika moja. Baada ya hapo kila muda niliopima niliurekebisha kwa hesabu hiyo, na mwalimu wa kwaya akawa ananitazama kwa jicho la kuniombea.

Ngazi ya tatu ndiyo tamu: rangi ya ala. Okestra ya Vienna Philharmonic mpaka leo hutumia obo (ala ya kupulizwa) ya aina yake na pembe za shaba za aina yake, za mtindo ambao okestra nyingine karibu zote hazina. Obo yao ina sauti nyembamba, inayotetemeka kidogo ukingoni. Pembe zao zikipigwa kwa nguvu zinakwaruza kifuani. Vyote viwili vilikuwamo kwenye kaseti. Wakabaki wachache, na waliofanana zaidi walikuwa wawili: Rafael Kubelík, aliyerekodi na Vienna miaka ya 1950, na István Kertész, aliyerekodi nao mwaka 1961. Kampuni ya rekodi ilikuwa ileile, Decca. Kilichoamua ni ngoma. Kabla sehemu ya kwanza haijachanganya, kuna utangulizi wa polepole, ghafla nyuzi zinafoka na timpani zinajibu. Kwa Kertész yule mpiga timpani anapiga kama anadai deni. Nilipoisikia kwenye sidi, kwa kasi yake halali, nilijua nimefika kwa mwenyewe.

Kertész alikuwa Mhungari, mzaliwa wa Budapest, aliyeondoka kwao baada ya machafuko ya 1956. Alipoirekodi hii alikuwa na miaka kama thelathini na mbili. Baadaye, mwaka 1966, aliirudia London na London Symphony Orchestra, safari hii akiyapiga yale marudio, ikiwa sehemu ya mradi wake wa kurekodi simfoni zote tisa za Dvořák. Wapo wataalamu wanaoipenda zaidi ya London. Ina adabu zaidi, hilo sibishi. Mimi nabaki na kijana mwenye hasira wa Vienna.

Ungedhani baada ya kumjua mwenye kaseti ningeacha. Lakini katika kumtafuta nilikuwa nimeshasikia wengine wengi, na likanikaa kichwani jambo jingine ambalo halijaniacha. Linahusu sehemu ya pili, Largo.

Kama umesikia dakika moja tu ya simfoni hii maishani, ni ya hapa. Inaanza na ala za shaba zikipiga akodi chache (noti kadhaa kwa pamoja), taratibu, kama mlango mzito unaofunguliwa. Tuba imo humo, na haimo mahali pengine popote katika simfoni nzima: mpiga tuba hufika ukumbini, hupiga noti zake chache za Largo, halafu hukaa na kusikiliza wenzake. Kisha inaingia ala moja ya kupulizwa, ndugu mkubwa wa obo, yenye ulimi wa matete mawili sawa na zumari ya Pwani lakini nene na ya chini. Hiyo ndiyo inayoimba ule wimbo. Watu wengi wanaamini ni wimbo wa kiroho wa Wamarekani weusi ambao Dvořák aliudokoa. Mambo yalikwenda kinyume: wimbo aliutunga mwenyewe, na mwaka 1922, alipokuwa ameshafariki, mwanafunzi wake wa zamani William Arms Fisher akautilia maneno ya kwenda nyumbani, ukasambaa makanisani na kwenye misiba.

Hata hivyo hakuutunga akiwa amejiziba masikio. Kwenye chuo cha muziki cha New York alichokiongoza, kilichoanzishwa na mama mmoja tajiri, Jeannette Thurber, ambaye alimlipa dola 15,000 kwa mwaka, kulikuwa na mwanafunzi mweusi aitwaye Harry Burleigh. Burleigh alijifunza nyimbo za utumwani kutoka kwa babu yake, kipofu aliyekuwa amenunua uhuru wake, na alikuwa akimwimbia Dvořák nyumbani. Mwaka 1893 Dvořák aliwaambia waandishi wa magazeti wazi kabisa kwamba muziki wa kesho wa Marekani ujengwe juu ya nyimbo za watu weusi. Wazungu wengi hawakufurahi. Kwa msomaji wa huku inavutia kuunganisha hapo na Ujiji, na misafara iliyopita na minyororo. Sitaunganisha. Waliopitishwa Ujiji walipelekwa Pwani na Zanzibar. Babu za kina Burleigh walivushwa bahari nyingine. Majonzi yanafanana, njia hazifanani, na sipendi watu wanaochora ramani kwa machozi.

Nirudi kwenye kasi. Juu ya Largo Dvořák aliandika mapigo 52 kwa dakika. Hiyo ni taratibu, lakini mtu anatembea. Karibu kila anayeirekodi hupiga polepole kuliko hapo. Wengi humaliza sehemu hii kwa kama dakika 12. Leonard Bernstein, aliporekodi na Israel Philharmonic mwaka 1986, alitumia zaidi ya dakika 18. Soma tena. Noti zile zile, dakika sita zaidi. Kila noti inashikwa, inabembelezwa, inaagwa kana kwamba haitaonekana tena. Na ni Bernstein huyo huyo ambaye mwaka 1962, na New York Philharmonic, okestra iliyoipiga simfoni hii kwa mara ya kwanza kabisa tarehe 16 Desemba 1893, aliipiga ikiwa hai, inatembea na ina damu.

Sasa mweke kando yake Karel Ančerl na Czech Philharmonic, waliorekodi Prague mwaka 1961. Ančerl alikuwa Mcheki na Myahudi. Wanazi walimfunga kambini Terezín, ambako aliongoza okestra ya wafungwa, kisha wakampeleka kambi ya mauaji ya Auschwitz. Yeye akatoka hai. Mkewe na mtoto wao mdogo hawakutoka. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuilia Largo, ni yeye. Hakuilia. Ile ala ya kupulizwa inaimba bila kujikunja, nyuzi zinaingia kama watu wanaojua njia, pale muziki unapopasuka katikati na kuwa mchangamfu anauachia uwe mchangamfu, na mwishoni, wimbo unapokatikakatika kwa vituo vya ukimya, hasubiri uhurumiwe. Miaka saba baadaye Warusi waliingia Prague na yeye akahamia Toronto, akafia huko mwaka 1973. Kertész naye alikufa mwaka huo huo, akiogelea baharini Israel. Wote wawili mbali na walikozaliwa.

Kutokana na hao nikajitengenezea kauli, nikawa naitembeza kwa yeyote anayenisikiliza: wenyewe hawalii. Wanaoilia Largo ni wageni wake. Kazi yangu ni ya uwakala bandarini, naona watu wanaoondoka kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura, na wanaohama kweli hawana nafasi ya kulia, wanahesabu mizigo na kumtafuta mtoto wa mwisho amejificha wapi. Nikaona hata Dvořák yuko upande wangu. Alipokwenda Marekani alikuwa na mkewe na watoto wawili. Wanne walibaki Bohemia. Kwenye ukurasa wa mwisho wa mswada aliandika kwamba amemaliza tarehe 24 Mei 1893, akamshukuru Mungu, na akaandika kwamba watoto wamefika Southampton, simu ya maandishi imeingia. Yaani wakati anafunga kazi hii inayoitwa ya majonzi ya nyumbani, nyumbani kulikuwa njiani kunamfuata kwa meli.

Kubelík akaniongezea nguvu. Huyu alizaliwa mwaka 1914, mwaka reli ilipofika Kigoma (sisemi ina maana, nasema naipenda). Wakomunisti walipochukua nchi mwaka 1948 aliondoka Chekoslovakia, akaapa hatarudi mpaka wang'oke. Mwaka 1972 aliirekodi simfoni hii na Berlin Philharmonic, na ukitaka rekodi moja tu ya kumpa mtu asiyejua lolote, mpe hiyo: ina mwanga, haina papara, hakuna ala inayomkanyaga mwenzake. Aliporudi kwao mwaka 1990 alikuwa ameshastaafu, ana ugonjwa wa viungo. Mwezi Oktoba 1991 alisimama Prague mbele ya Czech Philharmonic akaipiga tena mbele ya watu, na rekodi yake ipo. Niliiweka kwa hofu. Miaka zaidi ya arobaini ya uhamishoni, mzee wa miaka 77, ukumbi wa kwao, wimbo wa kwenda nyumbani; nikasema huyu sasa atatuua. Hakuna kitu kama hicho. Okestra imelegea hapa na pale, kuna miingilio isiyo pamoja, na Largo inakwenda zake, ya joto, bila kujisifia huzuni.

Kauli yangu ilikuwa imekamilika, mpaka jirani yangu alipoigusa. Ni mama wa makamo, alitoka Uvira na wanawe miaka ya vita, anauza vitenge Mwanga. Alikuja kuazima ndoo akanikuta nimeunganisha simu na sabufa, nalinganisha Bernstein na Ančerl. Akauliza ni nini, nikamweleza: mtunzi yuko ugenini, anakumbuka kwao, huyu wa kwanza anaipiga polepole, huyu wa pili inavyotakiwa. Akakaa. Nikampigia mwanzo wa zote mbili.

"Jirani," akasema, "huyu wa pili ana haraka ya nini?"

Nikamwambia siyo haraka, mtunzi mwenyewe aliandika mapigo 52.

"Huyo mtunzi si alirudi kwao?"

Alirudi, ndiyo, mwaka 1895.

"Basi." Akachukua ndoo, lakini akasimama mlangoni mpaka Bernstein akamaliza, dakika zote kumi na nane.

Kauli yangu bado naiamini kwa viongozi wa okestra. Kwa wasikilizaji nimeacha kuisema. Na Bernstein wa 1986, niliyekuwa nampigia watu ili tumcheke, nimemhamishia kwenye flashi ya zile ninazosikiliza kweli.

Sehemu ya tatu, Scherzo, sina mengi. Dvořák mwenyewe alisema ina uhusiano na ngoma katika shairi la Mmarekani Longfellow kuhusu Hiawatha, shujaa wa wenyeji asilia wa Marekani. Inapigwa vizuri na karibu kila mtu, na anayeiharibu kaamua.

Ya nne ndiyo ya shemeji yangu. Yeye ni mtu wa reli, treni za mizigo, na muziki wa simfoni anauona ni kelele za watu waliovaa vizuri. Lakini sehemu hii inaanza na noti mbili za nyuzi zilizokaribiana, zinapigwa nzito, zinarudiwa, zinaharakishwa, zinaharakishwa tena, mpaka ala za shaba zinalipuka na wimbo mkuu. Sijasoma popote Dvořák akisema ni treni inayoanza kuondoka, na kwa mtu wa tabia yake sihitaji kusoma. Nikamwekea shemeji ya Ančerl.

"Shem, huyu anaondoka na mabehewa matupu."

Nikamwekea ya Otto Klemperer na Philharmonia, ya mwaka 1963. Klemperer alikuwa mzee, mgonjwa, na hakuharakishwa na mtu. Kila noti inakaa chini kabla nyingine haijaja.

"Ee. Huyu kabeba saruji."

Sijawahi kusoma mhakiki aliyemweleza Klemperer vizuri kuliko hapo. Nikamwekea na Fritz Reiner na Chicago Symphony, ya 1957, ile ambayo ala za shaba zinang'aa kama zimefutwa asubuhi hiyo, akasikiliza mpaka mwisho akasema dereva ni mzuri lakini hana urafiki na abiria. Nalo ni kweli tupu. Reiner alijulikana kwa ukali.

Humo ndani ya sehemu ya nne kuna mchezo ninaopenda kuwapa wageni: tafuta toazi. Katika simfoni nzima matoazi yanagonganishwa mara moja tu, mapema katika sehemu hii, na hata hiyo mara moja hayajaandikiwa kupigwa kwa nguvu. Kuna rekodi ambazo ni "tss" tu, ukikohoa limekupita. Mwanamuziki amevaa suti, amekaa zaidi ya nusu saa, amesimama, "tss", amekaa. Kwenye kaseti yangu ya zamani halikuwapo kabisa, lilikuwa limezama kwenye mkwaruzo.

Vyombo vya kusikilizia, kwa kweli, vinaamua mengi kuliko tunavyokubali. Mwisho wa Largo unaachiwa besi peke yao, zile fidla kubwa zinazopigwa kwa kusimama, zimegawanyika sauti nne, zinapiga akodi moja ya chini kabisa, kwa sauti ndogo kuliko pumzi. Kwenye spika ya simu akodi hiyo haipo. Siyo kwamba inasikika vibaya, haipo. Muziki unaisha kabla haujaisha. Kwenye sabufa inakuwepo kupita kiasi, vikombe vinatikisika kabatini na mtu anadhani kuna lori nje. Vilivyonifaa ni visikilizio vya waya vya kufunika masikio, usiku, feni imezimwa. Jambo hilo hilo na akodi ya mwisho wa simfoni nzima: okestra yote inapiga kishindo, halafu ala za kupulizwa zinabaki zimeishikilia, inafifia. Kiongozi mwenye woga huikatisha mapema kwa sababu anajua wasikilizaji watapiga makofi. Mimi siku hizi rekodi mpya naanza kuipima hapo, kwenye sekunde za mwisho, kabla sijaisikiliza mwanzo. Aliyepatia pale, mara nyingi kapatia kwingine.

Namna ya kuzipata imebadilika mno. Zamani ulimsubiri mtu anayetoka Dar akuletee sidi, au ulimwomba padri aliyekuwa anakwenda likizo Ulaya. Leo ni bando la usiku. Kuna wakati niliwahi kwenda kwenye duka la kuingiza nyimbo nikiwa na majina kwenye karatasi, na kijana akaniuliza hii kaimba nani. Hajaimba mtu, nikamwambia. Akatafuta, akapata, akanitoza bei ya wimbo mmoja kwa kila sehemu, maana kwake zilikuwa nyimbo nne ndefu zisizo na maneno.

Hatari ya mtandaoni ni majina ya uongo. Mtu anapandisha rekodi yoyote, anaiandika Karajan, kiongozi maarufu wa okestra, kwa sababu Karajan anauzika, na wasikilizaji chini wanamsifu Karajan. Zile ngazi tatu za kaseti zinanisaidia mpaka leo: marudio yapo au hayapo, muda, rangi ya ala. Kasi ya mashine siyo tatizo tena, ingawa kuna walionakili kutoka santuri vibaya, na hao nawapeleka kwenye kinanda kama kawaida.

Ninayoitafuta sasa ni ya Václav Talich na Czech Philharmonic, ya mwaka 1954. Talich ndiye aliyeilea okestra ile kwa miaka mingi kabla ya Kubelík na Ančerl, na nataka kujua ule utembeaji wao wa Largo walimwiga yeye au la. Sehemu mbili za kwanza nimeshazishusha. Largo naona ni pole kidogo kuliko ya Ančerl, lakini sitaki kusema sana kabla sijapata zote. Scherzo ilifika katikati bando likakata. Jirani ameshaniambia ikikamilika nimwite, ila nisimwekee tena yule mwenye haraka.